Ukurasa Usiosalimia na Miche ya Kilolo

Kaka Festo aliponiomba niwaandikie ninyi wadogo zangu mnaojifunza kutengeneza kurasa za mtandao pale kwake Kihesa, Iringa, aliniambia niandike kama mstaafu. Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Mstaafu gani huyu ambaye mama yake bado anampigia simu kumkumbusha avae sweta? Lakini Festo hakucheka. "Atu," akasema, "kwenye kazi yetu hii mwaka mmoja unazeesha kama mitano. Wewe umeanza enzi za majedwali. Wewe ni bibi kabisa."

Basi sawa, bibi yenu hajambo, na magoti bado mazima.

Jina langu Atupele. Nimezaliwa Uyole, Mbeya, nikamaliza kidato cha nne na matokeo ambayo baba aliyatazama, akayakunja, akasema tumshukuru Mungu kwa afya. Nikaja Iringa kumsaidia shangazi kwenye duka lake la vitambaa, na ng'ambo ya barabara ndiko kulikuwa na chumba cha Kaka Festo. Wakati ule nilikuwa naota ndoto hata mchana. Niliwahi kuota nimetengeneza ukurasa ambao dunia nzima inaufungua, nikazinduka kwenye kaunta nimekumbatia gora la kitenge na mteja amesimama mbele yangu anauliza kama nauza au nalala nalo.

Kazi yetu, kwa yule ambaye ndiyo kwanza ameketi kwenye kiti leo, ni ile sehemu ya mbele ya tovuti. Kile ambacho jicho linaona na kidole kinagusa. Kuhifadhi taarifa kule nyuma ni kazi ya wengine. Sisi ni kama mtu anayepokea wageni mlangoni. Nilifanya kazi hiyo kwa furaha tangu nikiwa sijui kushika vizuri kipanya mpaka misimu michache iliyopita.

Kuna jambo moja nataka mlijue, nalo ni habari ya miche ya Mama Twilumba. Nusura ife yote kitaluni, Kilolo, kwa sababu ya ukurasa nilioutengeneza mimi, na ubaya ni kwamba nilikuwa nimeutengeneza kwa ufundi wangu wote. Nitafika huko. Ila nisipowaeleza tulikotoka hamtaelewa nilijikwaa wapi, kwa hiyo mnivumilie kidogo.

Chumba cha Festo zamani kilikuwa intaneti kafe. Kompyuta zilikuwa zile zenye kisogo kirefu, zikiwaka zote pamoja mnapata joto, na mwezi wa sita Iringa hiyo ni neema. Enzi hizo ukitaka picha ikae kushoto na maneno kulia, unachora jedwali. Ukitaka menyu juu, jedwali. Ndani ya kijumba cha jedwali unaweka jedwali lingine, na ndani yake lingine tena. Festo alinifundisha kwa kutumia shelfu za shangazi. "Kila kitambaa na ubao wake," akasema. "Ukichomoa ubao mmoja, vyote vinakuja chini." Na vilikuja. Ukisahau kufunga kijumba kimoja tu, ukurasa mzima unahamia chini kama umesukumwa, nawe unakaa asubuhi nzima ukitafuta kialama kimoja kwenye msitu wa vialama. Pengo kati ya picha mbili tulilishikilia kwa kipicha kisichoonekana. Yaani tunaweka kitu kisichoonekana ili vinavyoonekana visigombane. Nilipomweleza shangazi akasema hiyo ndiyo kazi yake kwenye kikao cha ukoo.

Wateja wa wakati ule walipenda vitu vitembee. Mzee mmoja mwenye gesti alitaka jina la gesti lipite kutoka kulia kwenda kushoto, liwake na kuzima, na theluji idondoke nyuma yake.

"Baba, Iringa kuna theluji?" nikamuuliza.

"Kuna baridi. Inatosha."

Tukamwekea. Tukamwekea na kile kihesabu cha wageni chini ya ukurasa, ambacho kila ukurasa ukifunguliwa kinapanda. Baada ya siku kadhaa akaja amefurahi sana, amevaa na tai. "Biashara inakwenda," akasema. "Leo peke yake watu wameingia wengi mno." Festo akamuuliza, "Na vyumbani?" Mzee akafikiri kidogo. "Vyumbani bado. Wameingia kwenye kompyuta." Kumbe alikuwa anakaa mwenyewe anaufungua na kuufunga, anatazama namba inavyopanda, na moyo unamtulia. Sikuwa na uso wa kumwambia. Mpaka leo nikimkumbuka nampenda.

Halafu CSS, ile lugha ya kuupanga na kuupamba ukurasa, ikakomaa, tukaachana na majedwali, tukaanza kuelea. Unakiambia kitu kielee kushoto, kinaelea, halafu kinachofuata kinakwenda kujibanza chini yake kama kuku wakati wa mvua. Na kuweka kitu katikati, wadogo zangu. Leo mnaandika mistari miwili na kitu kinakaa katikati, mnaendelea kutafuna karanga zenu. Sisi tulikuwa tunapima, tunagawa, tunajaribu, na kwenye kompyuta ya mteja kinaegemea upande kama mlevi. Siku njia mpya ilipofika kwenye vivinjari, zile programu za kufungulia kurasa, niliweka kisanduku katikati, kikatulia. Nikapanua dirisha, kikatulia. Nikalifinya, kikatulia. Nilitokwa machozi. Festo alikuja mbio akidhani nimefiwa.

Zikaja simu. Mwalimu wa kwaya tuliyemtengenezea tovuti alinijia ameshika simu mkono mmoja na miwani mkono mwingine. "Atu, hizi ni herufi au ni siafu?" Ukurasa uliokaa vizuri kwenye kompyuta ulikuwa umejibana kwenye kioo cha simu hata jina la kwaya halisomeki. Ndipo tukajifunza kuanza na simu ndogo kwanza, kisha kwenda juu. Festo alinunua simu moja ya bei ya chini kabisa, ya mtumba, kioo kimepasuka kona, akaiweka mezani akaiita Mkaguzi. Ukurasa usiofunguka kwa Mkaguzi hautoki nje ya chumba kile. Ilikuwa sheria nzuri sana. Siku Mkaguzi alipokufa, betri limevimba kama andazi, tulimcheka, tukamtupa, hatukununua mwingine. Sote tulikuwa tumeshapata simu nzuri.

Na wakati huohuo ndipo zilipokuja zana kubwa. Unaandika amri moja, kompyuta inaanza kushusha mafaili mengi kuliko majani ya chai ya Mufindi, na mwisho unapata ukurasa mweupe ulioandikwa "karibu". Nilizipenda. Sitawadanganya kwamba ni mbaya, kwa mifumo mikubwa yenye vitu vingi vinavyobadilika ni msaada mkubwa, na mimi zilinipa kazi nyingi nzuri. Vitu vinateleza, vinafunguka kama ua, hujui kurasa zimebadilika saa ngapi. Festo alisimama nyuma yangu akatazama kabrasha la mafaili.

"Hivi vyote ni vya kuuliza mtu jina na namba ya simu?"

"Ndiyo, kaka. Ndivyo dunia inavyokwenda."

"Umepika chai ya mtu mmoja kwenye sufuria la msibani," akasema, akaenda zake.

Ilikuwa katika siku hizo ndipo Mama Twilumba alipoingia pale chumbani, viatu vya mpira vina tope jekundu, akakataa kukaa mpaka apewe gazeti la kuwekea miguu. Alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa Kilolo wanaokuza miche ya parachichi, ile ya kubebeshwa, yaani kuungwa kikonyo cha mti mwingine. Mnunuzi mmoja mkubwa alikuwa amewaahidi kuichukua yote. Wamejaza kitalu, wameitunza, halafu mnunuzi akabadili mawazo. Sasa kitalu kizima hakina mwenyewe na mawingu ya kwanza yameanza kuonekana.

"Mche haungoji, mwanangu," akanieleza. "Ukikaa kwenye kiriba, huu mfuko wake wa plastiki, ukapitiliza, mizizi inajizungusha humo ndani, inatoboa, inaingia ardhini. Ukiunyanyua unaikata. Ukiupanda unanuna tu, mwisho unakufa."

"Na ukitoka mapema?"

"Ukitoka kabla ya mvua unakauka. Mkulima hana bomba."

"Kwa hiyo mvua ikianza tu."

"Ikianza tu, iwe mikononi mwa mwenyewe. Tumeibebea maji kichwani kiangazi chote kutoka mtoni, Atu. Kuna wenzangu wameacha mashamba yao ya maharage kwa ajili ya hii miche. Nikiwaambia imekufa nitawatazama na uso gani?"

Nilimwambia asilie, ingawa aliyekuwa analia ni mimi. Tukakubaliana: nitengeneze ukurasa wa wakulima kuagiza miche, kiungo chake kisambazwe kwenye magrupu ya kwaya na vikundi vya jumuiya, kitangazwe makanisani Kilolo, Mufindi na hata Tukuyu kwetu Mbeya. Mtu anafungua, anaandika jina, simu, kijiji, miche mingapi. Basi.

Nilitengeneza kitu kizuri. Kijani cha parachichi bichi. Jani linalofunguka taratibu. Ukiandika namba ya simu vibaya, maandishi mekundu yanakutokea hapohapo. Niliwaonyesha akina mama kwenye laptopu yangu, wakapiga vigelegele. Matangazo yakatoka makanisani. Na mimi kwa upande wangu nilikuwa naona watu wanavyofungua ukurasa: wengi, wengi kweli. Waliojaza: hakuna. Siku inayofuata hivyohivyo. Nikapitia msimbo wangu mstari kwa mstari, hauna kosa.

Mama Twilumba akapiga simu. "Wameagiza wangapi, mwanangu?"

"Bado, mama. Ila wanaingia."

"Wanaingia wanafanya nini?"

Nikamkumbuka yule mzee wa gesti na tai yake, nikaona sasa zamu yangu imefika.

"Na mizizi?" nikauliza.

"Imeanza kuchungulia. Tunavinyanyua viriba asubuhi, tunavizungusha, tunaidanganya kidogo."

Nikamwomba Festo ruhusa nikaenda Igowole, kule Mufindi, kwa sababu kutoka huko ndiko ukurasa ulikuwa unafunguliwa sana. Katibu wa kanisa akanielekeza kwa Baba Ezekia, mkulima wa miti na viazi, mtu mzima, mpole, anayetaka parachichi kwelikweli na ameshachimba mashimo. Nikamkuta uani. Tukasalimiana kwa utaratibu wa kule, kamwene kwa kamwene, za nyumbani, za shamba, za watoto, za kwetu Mbeya, za safari, za baridi, mpaka mkewe akaleta kiti. Nikamwomba afungue ukurasa wa miche mbele yangu, mimi nitazame tu.

Akafungua. Kioo kikawa cheupe. Tukangoja. Akanitazama, akatazama simu, akaipandisha juu kama anaionyesha mlima. Kikaendelea kuwa cheupe. Mkewe akachungulia, akasema, "Karatasi tupu." Mwishowe, ghafla, jani langu likafunguka na visanduku vikajipanga: Jina kamili. Namba ya simu. Kijiji. Baba Ezekia akavisoma vyote, akaifunga simu, akaitia mfukoni.

"Mbona umefunga, baba?"

"Ananiuliza jina hata hajanisalimia."

"Nani?"

"Huyu wa humu. Hata askari wa barabarani anasalimia kwanza ndipo aombe leseni."

"Baba, huyo wa humo ni mimi."

Akanitazama vizuri. "Wewe umeingia hapa ukanisalimia mpaka mke wangu akakuletea kiti."

"Ni mimi huyuhuyu, baba."

"Basi ukiingia kwenye simu unabadilika," akasema kwa huruma, kama daktari.

Mkewe alicheka akashika mlango. Nami nikacheka. Niliwaona wote kwa mara moja, wale wengi niliokuwa nawaona wanaingia: kila mmoja amesimama kwenye kilima chake, anangoja mbele ya ukuta mweupe, halafu ukuta unafunguka na sauti kavu inamwuliza jina. Sisi watu wa nyanda hizi hatuishi hivyo. Mtu asiyesalimia ana haraka ya kitu, na mwenye haraka ya kitu humpi jina lako wala namba yako.

Niliporudi Kihesa nilimkuta Festo anakunywa chai. Nikamweleza. Hakusema "nilikuambia", ndiyo maana nampenda. Akavuta kiti akasema, "Tuandike kwa mkono. Kama zamani."

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye ufundi. Kivinjari kinasoma ukurasa kuanzia juu, kama mtu anayesoma barua, na maneno matupu ni mepesi, yanafika kwanza hata pale mtandao unapokohoa. Zana yangu kubwa ilikuwa lazima ishuke yote kwanza, ijipange, ndipo ichore herufi ya kwanza. Kwa hiyo tuliitoa. Tukaandika HTML ya kawaida, ile lugha ya msingi ya kurasa, na juu kabisa tukaweka salamu. Siyo "karibu kwenye tovuti yetu". Salamu ya watu. Kamwene. Mugonile. Habari za nyumbani, za watoto, za shamba? Sisi akina mama wa kitaluni Kilolo hatujambo, baridi ipo, miche yetu inawasalimu. Ndipo chini visanduku, ndipo chini kabisa ile picha nzito ya miche, ishuke kwa wakati wake. Mtu anapomaliza kusoma salamu, vingine vimeshafika. Kule kungoja kulikowachosha kukawa ni kusalimiana. Festo akaenda mjini akanunua simu mbovu kuliko ile ya kwanza, tukaijaribu, salamu ikatokea kabla hajaondoa kidole.

Asubuhi iliyofuata maagizo yalianza kuingia, nami nikaita watu wa jirani waje waone. Kisha nikasoma la kwanza. Kwenye kisanduku cha jina mtu ameandika: Kamwene sana sisi wazima mama ametoka hospitali sasa anatembea. La pili, la mtu wa Tukuyu anayeshukuru kwa Kinyakyusa, jina: Ndaga fijo hatujambo ng'ombe amezaa. La tatu, jina: Za watoto nzuri isipokuwa huyu wa mwisho mtundu. Miche wametaja mingapi, kijiji wametaja, namba za simu zipo. Majina hakuna. Walisalimiwa, na kisanduku cha kwanza walichokiona wakakitumia kuitikia. Mngefanyaje ninyi?

Mimi nilitaka kuweka kizuizi, kisanduku cha jina kikatae maneno mengi. Nimeshaanza kuandika, Festo akanishika mkono. "Unawasalimia halafu unawaziba mdomo? Wape mahali pa kuitikia." Basi tukaongeza kisanduku kikubwa kabla ya jina, juu yake tumeandika: Na huko kwenu, hali ikoje? Sijawahi kuona hicho kwenye somo lolote la mtandaoni, na nimeangalia mengi. Majina yakaanza kuja mahali pake. Na salamu zikawa ndefu.

Nasikia siku hizi mnaiambia mashine itengeneze ukurasa, nayo inaandika mbele ya macho yenu kile kilichotuchukua juma zima. Sina wivu hata kidogo. Ningekuwa nayo enzi za majedwali ningeipikia. Itumieni iwafanyie ya kuchosha, halafu muda mnaookoa mwende Igowole, mkakae uani kwa mtu, mtazame uso wake anapofungua kazi yenu. Na mtakapokuta zana mpya, maana kila mwaka mtakutana na moja, ulizeni itamfikiaje yule aliye mbali na mnara. Hilo tu. Mengine mtayasoma wenyewe.

Nirudi kwenye miche. Maagizo yalikuwa yamejaa sasa, kila mche una mwenyewe, lakini hatukuwa tumevuka. Mvua ya nyanda hizi haianzi kila mahali siku moja. Akina mama walikuwa wamepanga lori lianze na vijiji vya karibu, vya bonde la chini la Kilolo, kisha Mufindi, na Tukuyu mwisho kwa kuwa ni mbali. Lori lilikuwa moja na muda mfupi. Nilikuwa nimehamia kitaluni kusaidia kupanga viriba kwa majina, na kila asubuhi, huku tukifanya kazi, Mama Twilumba alinitaka nisome zile salamu kwa sauti, maana hata waliokwisha kuagiza waliendelea kurudi kutusalimia.

"Tusipozisikia watajisikiaje?" alisema.

Basi nasoma, nao wanaitikia kana kwamba mtu yupo. Mama fulani ana homa: pole yake. Fulani amepata mjukuu: hongera, anaitwa nani? Siku hiyo lori limeshafika, dereva anapiga honi, viriba vya bonde la chini vinaanza kupandishwa, nami nikasoma ya mtu wa Tukuyu: Hatujambo, huku ni kuteleza tu, mvua hii siku ya tatu, kuku hawatoki.

Mama Twilumba akasimama na kiriba kifuani. "Rudia huyo."

Nikarudia.

"Na wengine wa Tukuyu?"

Nikatafuta. Wote walikuwa wanaongea habari za matope. Wa Igowole walisema mawingu yanakuja yanarudi. Wa bonde la chini, tuliokuwa tunawapelekea miche ile asubuhi, mmoja ameandika vumbi limemwingia jicho, mwingine anaomba tumwombee mvua.

"Shusheni," Mama Twilumba akawaambia wenzake.

"Mama, tumeshapandisha nusu," dereva akalalamika.

"Shusheni, baba. Unataka kupeleka watoto wangu jangwani?" Akanigeukia. "Kwenu Mbeya kwanza."

Wakashusha. Wakapandisha ya Tukuyu. Nilipanda mbele na dereva, ambaye alinuna mpaka Makambako, na tulipofika Uyole matone yalianza kupiga kioo akaacha kununa. Tukuyu tulipokelewa na watu waliolowa, wenye ndizi na maziwa, wakachukua miche yao wakaenda nayo moja kwa moja kwenye mashimo. Tuliporudi, salamu za Igowole zilikuwa zimebadilika, tukapeleka Igowole. Baba Ezekia alisaidia kushusha. Bonde la chini tuliwangoja. Miche yao yenye mizizi mirefu tuliendelea kuizungusha na kuidanganya kila asubuhi, mikono inaniuma mpaka sahani naishika kwa shida, mpaka mtu mmoja wa kule akaandika neno moja tu kwenye kisanduku: Imenyesha.

Siku lori la mwisho lilipoondoka, kitalu kilibaki wazi. Nilizoea kupita humo kwa kukanyaga pembeni pembeni, sasa unaweza kukimbia. Akina mama wengine walikwenda kwenye maharage yao. Mama Twilumba alizunguka chini ya neti ya kivuli, anaokota vipande vya viriba, anavitupa, anaokota tena, kama mtu asiyejua asimame wapi. Mwishowe akaketi chini palepale palipokuwa na miche, akanyoosha miguu yake na viatu vyake vya mpira, akavuta pumzi.

"Haya, nisomee za leo."

"Mama, miche imeisha. Nataka niufunge ukurasa."

"Nani kakuuliza habari za miche? Nisomee."

Nikaketi ubavuni mwake, nikafungua simu. Ilikuwepo moja, imeingia muda uleule, kutoka bonde la chini. Kisanduku cha jina kitupu, cha miche kitupu. Juu tu ndiko walikoandika, nami nikamsomea: Kamwene kitaluni. Mvua imetukuta shambani tukipanda. Tumelowa wote mpaka bibi, tunacheka.